Tunaouguza wazazi nyumbani hapa Dar: hospitali ikishatoa ruhusa, sisi tunaenda kwa nani?

Binti_Tandika

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, ila mnivumilie kwanza nieleze, maana jambo lenyewe haliishi kwa mistari miwili.

Ninamuuguza mama. Ana miaka 67, presha alikuwa nayo siku nyingi, na mwaka huu akapata kiharusi. Upande wa kulia wote umelegea, maneno yanatoka kwa shida. Alilazwa hospitali moja kubwa ya hapa mjini. Madaktari walipambana, mama akatoka hai, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Shida yangu inaanzia siku ya ruhusa. Daktari alipita raundi asubuhi akasema leo mama anaenda nyumbani. Nikapewa karatasi ya dawa na tarehe ya kliniki, nikaambiwa, "Muwe mnamgeuza, na mazoezi muhimu." Basi. Mama alikuwa na mpira wa mkojo na mpira wa kulishia puani. Namgeuzaje mtu mwenye kilo zaidi yangu? Mara ngapi? Ule mpira wa pua ukitoka usiku nafanya nini? Dada aliyenipa karatasi alikuwa ameshaitwa kitanda kingine, na kwenye benchi kulikuwa na mgonjwa anasubiri hicho kitanda cha mama. Tukatafuta bajaji.

Sasa fikirini. Wodini mimi ndiye niliyekuwa nambadilisha pampasi, namwogesha, nasaga chakula, nakimbiza sampuli maabara, nazunguka famasi za nje kutafuta dawa ambayo pale imeisha. Muda wa kuona wagonjwa ukikwisha mlinzi ananitoa pamoja na wageni wengine. Asubuhi daktari anauliza, "Ndugu wa huyu yuko wapi?" Ndugu yuko getini, kazuiwa. Kwenye kazi nahesabiwa, kwenye maelezo sihesabiwi. Faili la mama nimelibeba kwapani miezi hii yote, na ndani yake jina langu halipo popote, isipokuwa namba ya simu ya kupigiwa kukitokea la kutokea.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na fremu karibu na soko la Tandika, kazi yangu kubwa ni sare za shule. Fremu nimeiachia, cherehani nimeihamishia nyumbani, na wateja wamepungua kwa sababu mtu akija mara mbili akakuta mlango umefungwa niko kliniki, hawezi kuja mara ya tatu. Kaka zangu wanatuma hela na ninawaombea dua, lakini hela haimgeuzi mama saa tisa usiku. Mdogo wangu wa kike ndiye anayenipokea usiku. Naye ameajiriwa, na kazini wameanza kumnunia.

Juzi mgongo ulinikaza nikaenda kituo cha afya. Nikapimwa presha, ikawa juu. Presha hiyohiyo iliyomwangusha mama. Nikaandikiwa dawa, nikatoka. Hakuna aliyeuliza nyumbani kuna nini wala nalala saa ngapi.

Kwa hiyo maswali yangu: ni wapi hapa Dar mtu kama mimi anaweza kufundishwa kazi hii kwa mikono, si kwa karatasi? Kuna mhudumu yeyote anayeweza kufika nyumbani bila gharama ya kutufanya tuuze nyumba? Mdogo wangu ana haki gani kazini? Na je, kuna aliyewahi kuidai hospitali imtambue yeye anayeuguza, akasikilizwa? Naomba kuwasilisha.

Nesi_wa_Wodi

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wodi ya wanawake, hospitali sitaitaja. Ulichoandika nakiona kila wiki kutoka upande wa pili wa kitanda. Zamu ya usiku mnaweza kuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima iliyojaa. Ndugu ndio wanaotubeba, na tunajua. Kwa hiyo maelezo ya kumfundisha ndugu ndiyo ya kwanza kuachwa siku ikiwa ngumu, na siku ngumu ndizo nyingi. Sisemi hivyo kututetea. Mgonjwa akirudi na kidonda cha mgongoni, kazi inarudi kwetu palepale ikiwa kubwa zaidi.

Nianze na kumgeuza, maana hapo ndipo mgongo wako unapoumia. Usimvute kwa kwapa. Usivute kabisa ule mkono uliolegea, bega linaachia na maumivu yake hayaishi. Chukua kanga, ikunje mara mbili, ilaze chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, na uiache hapohapo mchana na usiku (ibadilishe ikilowa, na uinyooshe, mkunjo wa kanga nao unachuna ngozi). Ukitaka kumgeuza, mwambie kwanza, "Mama, nakugeuza upande huu." Mpe nafasi akunje goti la mguu usiolegea, asaidie kidogo. Simama upande anaogeukia, goti lako moja liguse kitanda, shika kanga usawa wa bega na usawa wa nyonga, halafu jivute nyuma kwa uzito wa mwili wako, mikono imenyooka. Atakuja kama mkeka unavyokunjwa. Weka mto mgongoni ili aegemee, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine kati ya magoti, na mwembamba chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee. Kila saa mbili, mkiweza. Kitanda kikiwa chini sana kiinueni kwa matofali, kila mguu sawasawa na kisicheze. Hilo ni kwa ajili ya mgongo wako.

Kila ukimgeuza angalia mgongoni chini, nyonga, visigino. Ukiona wekundu au weusi usio wa kawaida, bonyeza kwa kidole. Rangi isipobadilika ukiachia, hapo pameanza kuharibika. Usipasugue wala usipake spiriti. Asipalalie tena, na umwonyeshe mtaalamu.

Mpira wa pua ukitoka, usiurudishe mwenyewe hata jirani akikwambia aliwahi kufanya. Ukiingia kwenye mapafu unammaliza. Nenda kituo cha afya. Wakati wa kumlisha awe ameketi, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote. Akipata homa, mkojo ukiwa na mawingu na harufu kali, au usipotoka huku tumbo linajaa, ni siku hiyohiyo hospitali, msingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu kufundishwa: tarehe yake ya mazoezi ya viungo ikifika, usikae nje ya pazia. Ingia. Sema, "Naomba leo unifundishe mimi, nifanye mbele yako unirekebishe." Wengi watakubali, kwa sababu mtaalamu anamwona mama mara chache na wewe uko naye kila siku. Omba kumrekodi kwa simu. Na siku mama akilazwa tena, Mungu aepushe, maswali usiyasubirishe hadi siku ya ruhusa. Kila zamu ikibadilika mwombe muuguzi mmoja akuonyeshe jambo moja.

Mzee_Kigogo

Binti, pole. Lakini nikuambie kama baba. Pepo iko chini ya nyayo za mama. Sisi tuliuguza wazazi wetu bila semina wala likizo, na hatukudai serikali. Ukianza kudai dai unapunguza thawabu zako. Vumilia.

Binti_Tandika

Shikamoo baba. Thawabu naitaka, na siombi mtu anipokonye mama. Ila nikuulize kwa heshima: bibi yetu alipougua kule Kilwa, nyumba ilikuwa na wakaza wana, wajukuu na majirani wenye nafasi. Walipokezana. Mimi hapa Tandika niko na mdogo wangu na chumba na sebule. Mzigo uleule, mabega mawili. Na bibi hakutoka hospitali na mipira miwili. Zamani mgonjwa wa namna hii hakurudi nyumbani, alifia hukohuko. Leo anarudishwa kwangu akiwa hai, alhamdulillahi, na kazi iliyokuwa ya muuguzi aliyesomea inakuwa yangu niliyesomea ushonaji. Kuomba nionyeshwe ni sehemu ya kumtunza vizuri. Nisipoonyeshwa anayeumia ni yeye.

Utumishi_Mtaani

Dada, nijibu la mdogo wako, nafanya kazi ofisi ya rasilimali watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mwajiriwa angalau siku 4 zenye malipo kwa sababu hizi: mtoto wake kuugua au kufariki, au kufariki kwa mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Isome tena taratibu. Mtoto akiugua, yumo. Mzazi akiugua, hayumo. Mama yenu kisheria anampa mdogo wako siku za malipo akishafariki.

Mimi ndiye ninayewapa watu majibu hayo dirishani na sijawahi kuyazoea.

Hicho ni kiwango cha chini cha sheria, mwajiri hakatazwi kutoa zaidi. Kwa hiyo aangalie mkataba wake na kanuni za kampuni. Kama kuna chama cha wafanyakazi, aulize mkataba wa hali bora (yale makubaliano ya chama na mwajiri) unasemaje kuhusu kuuguza. Likizo ya mwaka anaweza kuomba aigawe badala ya kuichukua yote kwa mkupuo. Na aandike barua. Mtu akiomba ruhusa kwa mdomo kila wiki, kwenye faili anaonekana mtoro. Aambatishe karatasi ya ruhusa ya mama na ratiba ya kliniki, kisha apendekeze mwenyewe mpango: zamu ya asubuhi tu, au Jumamosi afidie. Meneja anasaini haraka mpango ulioandikwa kuliko machozi.

Nimeona jambo moja ofisini: wanaoomba ruhusa ya kuuguza karibu wote ni wanawake. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2018, wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za matunzo zisizolipwa duniani. Huku ofisini inatafsiriwa kwamba wanawake hawako makini na kazi, na vyeo vinawapita. Inaniuma.

Kimara_Mwisho

Mimi ni mwanaume na nimemuuguza baba, saratani ya tezi dume, hadi alipofika mwisho wake. Nitakwambia nilichokipata, maana kipo ila hakitangazwi.

La kwanza, Afisa Ustawi wa Jamii. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa yupo, Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili pia. Watu wanadhani kazi yake ni msamaha wa bili tu. Mama ana miaka 67, na Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Kachukue barua serikali ya mtaa, mpigie mama picha, fuatilia kitambulisho cha matibabu ya wazee. Dawa zikiwa zimeisha utanunua nje, hilo jiandae nalo. Lakini ukifika kwa huyo afisa usiishie kwenye bili. Mweleze na habari zako: umeacha fremu, presha imepanda, unalala kwa vipande. Mimi nilipofunguka, yule afisa alifunga mlango akanisikiliza, na yeye ndiye aliyeniita mara ya pili.

La pili, wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mpango wao mpya ulizinduliwa Januari 2024. Muulize mwenyekiti wa mtaa wako ni nani, au uliza zahanati ya karibu. Hawawezi kubadilisha mpira wa mkojo, usiwategemee kwa hilo, ila wanaweza kupita kumwona mama na kukuunganisha na kituo.

La tatu haliko kwenye swali lako moja kwa moja, lakini wengine wanasoma hapa. Kama mgonjwa wako ana maumivu makali ya saratani, ulizieni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Hospitali ya saratani ya Ocean Road wanayo, na dawa ya morfini ya maji inatolewa. Kwa baba, muuguzi alinikalisha mimi, akanipa bomba la sindano lisilo na sindano, akanifanya nipime dozi mbele yake kwa maji ya kawaida mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Akaniambia kila saa nne, niandike kwenye daftari, na dawa ya kulainisha choo iende sambamba bila kukosa. Akaandika namba ya simu juu ya daftari. Kisha akaniuliza, "Na wewe unakula?" Hilo swali lilinifanya nilie pale kwenye kiti, mwanaume mzima. Kwa hiyo inawezekana, dada. Haihitaji mashine kutoka nje. Inahitaji mtu akae na wewe kwa muda usiozidi wa kunywa chai.

Mbongo_Leicester

Mimi huku Uingereza nalea watoto na nilimuuguza mama mkwe. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, kwa upande wa England, inampa anayeuguza haki ya kuitwa na halmashauri akaulizwa mahitaji yake yeye mwenyewe, hata kama mgonjwa amekataa kuhojiwa. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 mwajiriwa ana haki ya wiki moja kwa mwaka ya kuuguza, haina malipo lakini hafukuzwi. Ipo pia posho kwa anayeuguza saa 35 au zaidi kwa wiki. Msidhani ni pepo: posho ni ndogo, na ukipitisha kiwango cha kipato hata kidogo unaikosa yote, watu wamedaiwa kurudisha maelfu ya pauni. Ninachoweza kuwaambia muige ni kule kuulizwa. Hakina gharama kubwa.

Binti_Tandika

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nesi, Mungu akulipe. Kanga nimeijaribu leo mchana na mdogo wangu, mama amegeuka bila kuguna. Tumeinua na kitanda.

Kimara_Mwisho, pole kwa baba. Wiki ijayo nakwenda kwa Afisa Ustawi, na mdogo wangu anaandika barua kama alivyoelekezwa.

Limebaki langu la mwisho na sitaliacha. Kila faili la mgonjwa anayeruhusiwa akiwa hajiwezi liwe na nafasi ya jina la anayekwenda kumuuguza, na mstari wa kuandika alichofundishwa na nani kamfundisha, asaini. Kama hajafundishwa, mstari ubaki wazi na watu wauone. Halafu siku ya kliniki ya mgonjwa, anayemuuguza naye apimwe presha, kifaa si kipo palepale? Nesi, hili nalipeleka kwa nani likasikilizwe? Nimechoka kumwambia mlinzi.

Nesi_wa_Wodi

Anza na muuguzi kiongozi wa kliniki, si aliyepo dirishani. Mwombe dakika tano kliniki ikiisha, maana asubuhi hatakusikia. Presha yako wakupime siku hiyohiyo, hilo linaweza kufanyika bila barua ya mtu yeyote, na mimi kuanzia zamu yangu ijayo nitaanza kulifanya.

La faili ni kubwa zaidi. Vituo vya afya na zahanati vina kamati za usimamizi, na ndani yake kuna wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Uliza kituo chako wajumbe ni akina nani, wengine ni majirani zako. Andika ukurasa mmoja, weka yale ya mipira miwili na yale ya getini kama ulivyoyaandika hapa, na uambatishe mfano wa hiyo fomu uliyochora mwenyewe. Nitumie nakala kwa ujumbe wa faragha kabla hujapeleka, niipitie niweke majina sahihi ya vipengele vya uuguzi. Kwenye kikao chetu cha wodi nitaifikisha hiyohiyo. Na tarehe ya kubadilisha mpira wa mkojo imeandikwa wapi? Kama haipo kwenye karatasi, piga simu kesho uulize.